Mkoba Juu ya Benchi

Gazeti limeipanga miji kama watoto wa darasa la tatu:
huyu wa kwanza, huyu wa kumi na tano,
huyu ameburuta mkia hadi mlangoni.
Abdulqawi wa duka la simu alinisomea kwa sauti,
akalamba kidole, akafunua ukurasa,
kwa Kiswahili alichonyonya kwa mama yake wa Pemba:
"Maskati iko juu, Chimega. Kwenu iko wapi?"
Nikamwambia sisi siku ya mtihani tulikuwa wagonjwa.

Akacheka. Nami nikacheka, ila kidogo.

Mimi ni mlinzi. Nalinda jengo la ghorofa nne, Ruwi,
katika mji ambamo watu huacha gari likinguruma
wakaingia kununua maziwa;
simu juu ya meza, kahawa inapoa, mwenyewe yuko chooni.
Mwezi wa kwanza nilizipita meza hizo
moyo ukinidunda kwa niaba yao.
Aliyeumwa na nyoka, ung'ongo humtoa jasho:
Kisauni nilijifunza kuvua saa kabla ya daraja,
kuficha noti ndani ya soksi,
kuijua kwa mlio pikipiki iliyobeba wawili.
Ujuzi wote huo, hapa hauna mnunuzi.
Miezi sita nililala nimeufumba mkono
juu ya simu ya shilingi elfu nne.

Dada yangu Mwanatumu hupiga kila Ijumaa.
"Huko ni salama?" hata kabla ya salamu.
Nasema salama. Naye: jana wamemkata kijana wa kina Ngome,
kisa viatu. Viatu, kaka, na kimoja kilishaachia soli.
Kisha tunanyamaza, salio likiteketea.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, saa tisa alasiri,
lami imelainika kama halua,
mwanamke aliketi kwenye benchi la chini, teksi ikaja,
akaondoka. Mkoba ukabaki.
Wa ngozi, rangi ya tende mbivu, zipu wazi kidogo
kama mdomo wa mtu aliyesinzia.
Ndani niliona noti. Sikutaka kuziona.

Nilisogea niuchukue, niuhifadhi.
Kisha nikakumbuka mimi ni nani.
Nikarudi nyuma hatua tano, nikizihesabu,
nikasimama chini ya kamera, mikono nje ya mifuko,
viganja wazi kama mtu aliye katikati ya dua.

Saa nzima ikapita. Ya pili ikapita.
Mafundi wa Kibangali wakauzunguka ule mkoba
kama wakwepao dimbwi.
Mtoto mwenye aiskrimu akaunyooshea kidole, mama akamvuta.
Hakuna aliyeugusa. Na hapo nikashindwa kujua
kama huu ni uaminifu au ni woga,
au kama viwili hivi vikikaa nyumba moja miaka mingi
huzaa mtoto asiyefanana na yeyote.

Alirudi karibu na magharibi, akitweta.
"Alhamdulillahi!" Kisha akafungua, akahesabu
mbele yangu, noti kwa noti, midomo ikicheza,
macho yakinirudia kila baada ya tano.
Zilitimia. Akatabasamu, tena kwa dhati,
akasema nchi hii, wallahi, haina mwizi.
Akanipa riali moja. Nikaikataa.
Akaiweka kwenye benchi, akaenda zake.

Nami sikuigusa.

Usiku Mwanatumu akapiga, akauliza lile lile.
Nikasema, "Vitu viko salama sana."
"Na wewe?"
Nikamwambia laini inakatika.

Asubuhi riali haikuwapo.
Labda mfagiaji. Natumai ni mfagiaji,
yule mzee wa kikohozi anayeinama kwa zamu mbili.
Nikafungua daftari, safu ya matukio,
nikajaribu kalamu pembeni mpaka wino ukashuka,
nikaandika kwa mwandiko mzuri: Hakuna.