Vifaranga wa Oktoba

Posta walipiga simu kabla jua halijachomoza:
sanduku lenu linalia.
Nilishika usukani, Nestor akalipakata
njia nzima ya changarawe, hita ya gari imefunguliwa hadi mwisho,
naye anatokwa jasho kama mtu anayesema uongo.

Vifaranga hamsini na wawili. Tuliagiza hamsini;
wawili ni nyongeza kwa ajili ya watakaokufa.
Ndivyo ilivyoandikwa kwenye risiti, bila haya.

Mama mkwe, Paraskeva, alisimama mlangoni pa banda
ndani ya koti la marehemu mumewe:
"Nani huku Saskatchewan anaanza kuku wa nyama theluji ikibisha hodi?
Mtalipa umeme wa bei ya ng'ombe, mle kuku."
Hakukosea. Lakini kiangazi chote Nestor alilala hospitalini na mgongo wake,
na friza ilikuwa tupu, ikinguruma peke yake usiku
kama mlevi aliyefungiwa nje.

Basi tukajenga. Marobota ya majani ya ngano pande tatu,
turubai juu, taa mbili nyekundu zikining'inia kwa mnyororo.
Si kwa kamba. Kamba huungua;
muulize Wilf jirani yetu, alikokuwa na banda ana mraba mweusi.

Nilijifunza kuwasoma:
wakirundikana chini ya taa, ni baridi;
wakikimbilia kuta, midomo wazi, ni moto;
wakitawanyika kama mtama uliomwagwa na mtoto,
nenda kalale.

Nilidhani adui ni baridi. Adui alikuwa unyevu,
pumzi yao wenyewe ikiganda kwenye vichwa vya misumari,
na ile harufu ya mkojo inayokata macho.
Nikatoboa tundu juu ya mlango. Paraskeva akaniita mwendawazimu.
Kesho yake maranda yalikuwa makavu.
Hakusema neno. Alileta ndoo ya pili ya maji,
maana ya kwanza ilikuwa jiwe.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa hawakuona jembe. Walikula,
wakalala kando ya chakula, wakaamka wakala,
vifua vikitangulia mbele kuliko miguu.

Tarehe tisa Novemba umeme ulikatika.
Saa nane usiku, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
tukawabeba wawili wawili kwapani, kuvuka ua,
hadi bafuni, karibu na jiko la kuni.
Paraskeva akakaa juu ya kifuniko cha choo, tochi mkononi,
akiwahesabu kwa Kiukraina,
akipotea kwenye arobaini,
akianza upya.
Walikuwa arobaini na wanane. Alihesabu hadi kukakucha.
Madoa ya beseni la kuogea hayajatoka hadi leo.

Kisha Jumamosi moja ya Desemba, Wilf akaja na visu vyake
na ile koni ya bati.
Pipa la maji ya kunyonyolea lilifuka mvuke, gereji ikapotea.
Vidole vyangu vilikufa ganzi kwa kuku wa tatu,
sikujua tena kipi changu, kipi ukucha wa kuku.
Halafu unaingiza mkono ndani kutoa matumbo,
na huko ndani kuna joto.

Wiki tisa tuliwapasha sisi.
Hakuna aliyelisema. Wilf aliangalia mlima wa manyoya.
Nilimwona Nestor akichelewa kuutoa mkono.

Kilo tatu na nusu mmoja, wengine nne.
Friza ilijaa, ikabadilisha sauti.
Paraskeva alichukua shingo zote kwa supu
na hakutaka kusaidiwa kuzisafisha.

Saa nane usiku niliamka kwenda kutazama taa.
Nilifika mlangoni, buti moja mguuni,
nyingine mkononi.