Nilivyokufa Mara Tatu

Mhakiki ameandika, ukurasa wa kumi na nne,
kwamba wafu wa filamu hii hawana uzito.
Gazeti nililipata Kitanzini, nimefungiwa dagaa;
nikalinyoosha gotini, nikasoma mpaka penye mafuta.

Mimi ni mmoja wa wafu wale, Bwana Mhakiki.
Elfu kumi na tano kwa kifo,
chai na maandazi mawili juu yake.

Asubuhi nilikufa Mhehe, mkuki mkononi,
Julai, kifua wazi, umande umegeuka sindano,
mpaka mwongozaji akafoka: "Maiti, acha kutetemeka!"
Jioni wakanivika kaki, nikafa askari wa Mjerumani,
hatua kumi tu kutoka nilipoangukia asubuhi.
Kandambili zangu nilizisahau juu ya jiwe.
Hizo umeziona. Umezipa mistari minane.

Umesema moshi ni mzuri. Ni mzuri.
Umesema hotuba ya jemadari haiishi.
Kweli, hata farasi alisinzia.
Umesema vita imeoshwa ikaanikwa;
hapo nakupa mkono, kaka, umenena.

Ila kifo cha tatu hukukitaja.

Nilikuwa mpagazi. Sanduku la risasi kichwani,
la mbao laini, tupu, jepesi kama kizinga kilichohamwa.
Nikawaambia, shingo haitadanganya.
Wakasema jua linazama, panga mstari.
Nikashuka mtoni peke yangu, nikalijaza mawe.
Nikapanda kilima. Nikaanguka.
Sekunde mbili, halafu jemadari tena.

Walituonyesha shuleni Mlandege,
shuka mbili zimeshonwa pamoja, jenereta linakohoa nje.
Kifo cha kwanza watu walicheka:
"Si Kikoti huyo, fundi viti?"
Cha pili wakapiga makofi, maana nilikuwa adui.
Cha tatu, mama akasimama,
Sekalinga, blanketi begani,
ambaye babu yake alitwishwa mzigo njia ya Ubena
na hakuna aliyerudi kusema ulikuwa mzigo gani.

"Rudisha nyuma."
"Mama, watu wanatazama."
"Rudisha. Sijamwona uso."

Kijana wa mashine akarudisha.
Nikapanda, nikaanguka.
Akarudisha tena, ukumbi kimya,
hata wauza karanga wameshika vikapu vyao.
Nikapanda. Nikaanguka.
Uso haupo, Bwana Mhakiki. Sanduku limeufunika.
Mama akakaa, akajifunga blanketi vizuri,
akatazama hotuba yote ya jemadari bila neno.

Njiani, baridi inatupita miguuni kama paka,
ndipo akauliza:
"Lile sanduku, lilikuwa kilo ngapi?"

Nikasema thelathini.

Yalikuwa mawe manane, kama kilo kumi na mbili hivi.