Zamu ya Maji

Jana kampuni imenifungia mlango:
lipa, au sauti ya mama uisahau.
Mama, aliyerekodiwa jikoni Ibra
akinifundisha mkate wa ufuta.

Leo Mundhir kaiopoa kwenye simu kuukuu ya Rayya,
kaweka mfumo usio na mwenyewe.
"Una wenyewe wengi, shangazi," kanisahihisha.
Kisanduku kinanguruma juu ya friji,
kingine kiko Suhar, cha tatu Matrah.

Nimeikumbuka falaji ya kwetu:
hakuna aliyeinunua chemchemi,
kila shamba na zamu yake,
na tope tukilizoa sote, tukigombana.

Saa nane usiku kimezimika.
"Soma maelezo," Mundhir kasema, kalala.
Nimesoma. Nimewasha.
Mama anakohoa, anauliza:
hamira umeshatia?