Nipe Mji

Kitendawili, aliandika Ersilia kutoka Padova.
Tega, tukajibu sisi wa chini ya mlima.

Mgeni wangu hapigi hodi,
kabeba galaksi mgongoni,
akikanyaga, nyasi hazilali.

Kurasa arobaini za hesabu zilifuata,
tungamo lake, kasi yake, upana wa shabaha,
hadi sentensi moja iliyotugusa sisi wenye grisi vidoleni:
katika tani ya zenoni, kwa mwaka, mimweko mitatu.

Mitatu.
Berardo aliibandika kwa utepe juu ya pampu.

Malori ya Teramo hunguruma handakini.
Sisi hukata kona, tukaingia mlangoni,
juu yetu mwamba wa mita elfu moja na mia nne
unaotukinga na mvua ya nyota.
Tangi tumelizungushia risasi ya kale
iliyozama na meli ya Kirumi,
ikalala baharini karne ishirini
hata ikasahau kunung'unika.

Debe tupu ndilo livumalo.
Letu limejaa pomoni, kimya.

Usiku mmoja wa Februari, mmweko.
Berardo hakupiga kelele. Alivua miwani,
akaifuta, akaivaa tena.
Ilikuwa radoni, pumzi ya mwamba wenyewe,
imepenya kwenye skrubu iliyooshwa vibaya.

Aliyeshindwa hutoa mji.
Mwaka wa kwanza tukampa Assergi na kanisa lake.
Wa pili, Teramo, na malori yake yote.
Wa tatu tukampa L'Aquila yenyewe,
winchi zingali juu ya mapaa tangu tetemeko,
na mama yake Berardo ndani yake, akipika dengu
kwenye nyumba iliyojengwa upya jiwe kwa jiwe.

Kila tulipotoa mji, mstari ulishuka kwenye grafu:
hayupo hapa, si mzito hivi.
Ersilia akafuta, akatega pembeni kidogo,
mgeni mwepesi zaidi, mwenye haya zaidi.

Lakini mtegaji akishapewa mji
hutamba, kisha hutoa jibu.
Jana alipiga simu. Tukangoja.
Tulisikia chaki ikigonga meza.
Sina, akasema. Sikuwahi kuwa nalo.

Berardo alisoma kipimajoto,
digrii tisini na saba chini ya sifuri,
akakaza vali robo mzunguko.

Tega tena, akasema.
Avezzano bado tunayo.