Kanuni ya Saba

Imebandikwa mlangoni kwa ukoko wa ugali:
pombe marufuku bwenini.
Kikoti karudi toka Kilolo
na dumu la ulanzi, lita tano,
mvua bado mabegani.

Patroni Kihwele akaonja jioni.
"Huu mtogwa. Maji ya mianzi tu haya.
Kanuni haiyajui."
Akaongeza kikombe.

Usiku baridi ya Iringa iling'ata madirisha;
chini ya kitanda dumu likaguna peke yake,
likavimba.

Alfajiri kifuniko kiligonga dari.
Patroni akaja na daftari la makosa,
akanusa,
akaandika jina, tarehe,
akakwama kwenye saa:
uligeuka pombe saa ngapi,
na kikombe chake cha pili
kilikuwa upande upi wa kanuni?