Kupanga Mawe Upya

Kikande wa Zenon ana meno ya kutafuna kombe,
na kinyongo.
Uduvi wa kwanza alimla Jumatatu.
Konokono alimpindua, akamchokonoa.
Samaki wa rangi ya ndimu, zawadi ya bintiye,
hakumaliza wiki; ulibaki mkia.

Sasa Zenon ameleta bunju,
mwenye macho ya mtu aliyeamshwa ghafla.
"Huyu ni saizi yake," ananiambia,
"na ngozi yake si ya kuonewa."
Lakini hamtii majini. Kwanza anakunja mikono ya shati.
Nje theluji imeifunika Łódź, reli za tramu hazionekani,
naye anang'oa mawe yote:
pango la kikande, dirisha la kikande,
ile kona alikokuwa akijibana kila usiku
kwa mwiba wa mgongoni, kama mlango uliotiwa komeo.
Anayapanga kwingine. Anazima taa.
"Akiamka, kwake patakuwa ugenini.
Wote wawili wageni.
Atamng'ata nani, kwa hati ipi?"

Mimi nina miezi miwili humu ndani.
Kikombe changu bado kimo sandukuni.
Kabatini vipo vya marehemu Jadwiga,
sita, vyenye ukingo wa buluu,
nami sivigusi.

Asubuhi bunju kazunguka mara tatu,
pezi moja limemegwa kidogo.
Kikande anaguguna jiwe asilolijua.
Zenon anacheka, chai mkononi.

Namwambia: Zenon,
nishikie upande ule wa kabati.