Mwizi wa Mafuta

Lita kumi za Muheza, jana Pongwe zilikata,
Hatibu nikamtweza: "Ndiwe wanyonya mafuta!"
Machozi akayameza, neno moja hakuleta.
Korola hii ya kale, mafuta yaenda wapi?

Semkiwa, Ngamiani, plagi zote akatoa,
hazina masizi ndani; chujio akaling'oa.
Kiganja gurudumuni — karuka: "Halijapoa!
Lete mkono na wewe: mafuta yaenda hapa!"

Breki imeshika kutu, gari lenda, yalibana.
Mwizi hakuwa ni mtu; na lile neno la jana
nilompa mpwa wetu halifunguki kwa spana.
Mafuta nimeyaona. Hatibu kaenda wapi?